Siri ilikuwa yake, mdomo ulikuwa wangu

Nina duka la vipuri vya baiskeli Ngamiani, hapa Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba. Namba yenyewe sitaitaja. Mke wangu amenikubalia niandike haya ya ugonjwa wake kwa masharti: jina lake lisiwepo, shule anayofundisha isijulikane, na ayasome yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Ameyasoma kalamu nyekundu mkononi, kama anavyosahihisha insha za darasa la sita, na amekata mahali pawili. Hapo pawili hamtapaona.

Tumwite Mama Zuhura. Na Zuhura si jina la binti yetu.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2012. Usingizi ulimhama. Saa nane za usiku namsikia anafua, saa kumi anakaanga maandazi ya kulisha mtaa mzima, asubuhi anakwenda shule mchangamfu kuliko mimi niliyelala. Maneno yanamtoka kwa kasi na kila neno lina mradi: atafungua chekechea, atanunua shamba la michungwa Muheza, atakodi Fuso ipeleke machungwa Dar es Salaam. Siku ya tano nikaenda kuswali adhuhuri, nikamwachia duka. Kurudi, foleni imefika barabarani. Anagawa tyubu na tairi bure, anasema leo ni siku ya sadaka. Wengine waliopanga foleni hawakuwa hata na baiskeli.

Kwetu jambo kama hilo lina jina lake tayari, ni jini. Mkwe wangu alikuja kutoka Muheza na mtu wake, kombe likaandikwa kwa zafarani likanywewa, ubani ukafukizwa, na baada ya wiki tatu hivi Mama Zuhura akatulia. Tukashukuru, tukalipa. Simlaumu mkwe wangu. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba ugonjwa huu una tabia ya kupanda na kushuka wenyewe, na aliyekuwa karibu siku unaposhuka ndiye anayeondoka na sifa na kuku.

Miaka sita ikapita, wenyewe tukasahau. Kisha 2018 ukaja upande wa pili. Anarudi shule, anavua baibui, anajilaza ameelekea ukutani mpaka magharibi. Madaftari ya wanafunzi yanalundikana mezani. Ukimsemesha anajibu, lakini jibu linachelewa kama simu ya mtandao mbovu. Siku moja akaenda hospitali peke yake bila kuniambia. Nilijua kwa sababu nilikuta kikaratasi cha dawa kwenye ndoo ya taka: amitriptilini, dawa ya sonona, ile huzuni iliyogeuka ugonjwa. Vidonge alivihamishia kwenye kichupa cha vitamini.

Niliumia, sitaficha. Mke wa miaka kumi na saba anakuficha kidonge? Nikafunga duka, nikapanda baiskeli mpaka hospitalini, nikamwona daktari. Nikamweleza mimi ni nani na nataka kujua mke wangu anaumwa nini. Akasema, "Bwana, siwezi kukwambia hata kama mtu huyo anatibiwa hapa au hatibiwi."

"Ni mke wangu, dokta. Nimemtolea mahari."

"Mahari hainunui faili," akasema, na wala hakusema kwa ubaya.

Nilitoka nimefura. Njia nzima nalalamika mwenyewe: madaktari hawa wa siku hizi, wamesoma wakasahau kwamba mgonjwa ana watu wake. Kumbe nilichokosea si kuuliza. Nilikwenda pale kuchukua habari, wakati mimi ndiye niliyekuwa nayo. Daktari yule hakujua lolote la mwaka 2012. Mama Zuhura hakumwambia, kwa kuwa yeye alihesabu lile ni jambo la jini na limekwisha. Na nani huenda hospitali kulalamika kwamba kuna mwezi fulani alikuwa na furaha kupita kiasi? Alikwenda na huzuni yake, akatibiwa huzuni. Sasa mtu ambaye ugonjwa wake ni wa hisia kupanda na kushuka, wenyewe wanauita bipola, akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kurushwa upande wa pili. Taarifa ya kuzuia hilo ilikuwa kichwani mwangu, inaendesha baiskeli kurudi Ngamiani huku inanung'unika.

Wiki ya nne akaanza kufua usiku.

Niseme sasa juu ya video niliyoirekodi mwenyewe, maana bila hiyo nisingekuwa na la kuandika. Usiku wa saa nane aliamka, akafungua mlango, akatoka peku, kichwa wazi. Mke wangu hata kwa muuza maziwa hatoki bila ushungi. Akasimama katikati ya barabara anaita majirani wamfuate, anasema maji yamekupwa na Pemba inafikika kwa miguu. Nilimfuata nikimbembeleza. Mkono mmoja umeshika kanga ya kumfunika, wa pili, Mungu anisamehe, umeshika simu, narekodi. Nia ilikuwa nimwonyeshe daktari, aliyekataa kunisikiliza. (Hakukataa kunisikiliza. Mimi sikumwambia kitu. Lakini usiku ule niliamini hivyo.) Dakika mbili na sekunde kadhaa.

Alfajiri, nikiwa sijalala na nimechanganyikiwa, nikamtumia dada yangu, nikaandika chini: "Nifanyeje?"

Basi. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Labda wageni. Habari ikifika haiondoki.

Asubuhi ile shemeji yangu, mwenyekiti wa mtaa na mimi tulimpeleka hospitali. Hakutaka. Sheria ya afya ya akili ya mwaka 2008 inatambua njia zote mbili, mgonjwa kujipeleka na mgonjwa kupelekwa asipotaka, lakini sheria haikwambii namna ya kumtazama mkeo usoni anapokuuliza, "Na wewe pia, Baba Zuhura?" Majirani walikuwa wamejaa vibarazani. Mmoja akasema, kwa sauti tuisikie, huyo ni wa Lutindi. Lutindi ipo kweli, kule milimani Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1896 kwa watoto waliookolewa utumwani, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa ya wagonjwa wa akili. Kituo kilichohifadhi watu zaidi ya karne nzima, sisi tumekigeuza tusi la kutupiana barazani.

Wodini alichomwa sindano ya kumtuliza, haloperidoli. Siku ya pili shingo ikampinda upande, macho yakapanda juu, ulimi ukawa mzito. Mkwe wangu akaanza kusoma, na mimi, mtu mzima niliyeapa nimeachana na habari za majini, nikajua limerudi na limekasirika. Nesi mmoja wa makamo akaja, akatazama, hakushtuka hata kidogo. Akasema hayo ni madhara ya sindano, misuli imekaza, yana dawa yake. Wakampa Atane. Kabla ya adhuhuri shingo ilikuwa imenyooka.

Nesi yule ndiye nilimlalamikia habari za daktari na faili. Akanisikiliza huku anakunja shuka, halafu akasema: "Daktari kafungwa mdomo, baba. Hajafungwa masikio. Wewe unayemjua miaka yote hii umeandika nini?"

Sikuwa nimeandika chochote. Jioni ile nilikaa kwenye benchi la nje na karatasi ya risiti za duka nikaandika. Mwaka 2012, siku ngapi bila usingizi, alilala saa ngapi, aligawa mali ya kiasi gani. Mwaka 2018, alianza kunyamaza lini, kidonge alianza lini, usingizi ulipungua siku ya ngapi. Nikakumbuka na mjomba wake wa Muheza, aliyekuwa mara anauza mashamba mara anajifungia ndani mwezi mzima, ambaye familia ilisema karogwa. Nikaliandika hilo pia. Sikuandika jini, sikuandika kichaa. Tarehe na saa tu, kama hesabu ya mauzo.

Daktari alisoma yote mbele yangu. Alipofika kwa mjomba akapiga mstari. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: "Nimekusikia. Lakini ujue, mkeo akipata nafuu akaniuliza nani kanieleza haya, sitamdanganya." Nikatamani kumnyang'anya karatasi. Nilidhani siri ya daktari itanilinda na mimi. Kumbe yeye ana mgonjwa mmoja tu, na si mimi.

Dawa zilibadilishwa. Wiki ya pili Mama Zuhura akawa anarudi, polepole, kama mtu anayetoka kwenye maji. Daktari akatuita chumbani, akamuuliza yeye, si mimi: "Ungependa mumeo abaki tukizungumza?"

Akanitazama kwa muda. "Atoke."

Nikatoka. Nilikaa nje nikihesabu vigae. Sikujua kwamba jana yake mwalimu mwenzake alikuja kumwona, akampa chungwa, akamwambia kwa huruma ya kweli kabisa, "Pole mwalimu, sisi wote tumeiona."

Kutoka kwa dada yangu video ilikwenda kundi la familia la WhatsApp, watu thelathini na kitu. Kutoka hapo kwa binamu mmoja, kwa mke wa binamu, kwa mtu anayeuza vitafunwa karibu na shule. Siku tatu zilitosha ifike ofisi ya walimu. Kichwa wazi, peku, anaita watu waende Pemba. Sauti yangu inasikika nyuma: "Tulia mama, tulia." Hakuna aliyeweza kusema video imepigwa na adui.

Nilipomkabili dada yangu alinijibu kwa methali, ndivyo alivyo. "Mficha maradhi kifo humuumbua, kaka. Nilikuwa natafuta msaada." Nikamwambia siri ya mtungi aijuaye kata. Akauliza, sasa kata ni nani, si wewe uliyenitumia? Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Watu wengi wametaka nimkasirikie dada yangu. Nimejaribu. Kila nikifika katikati nakuta namba yangu ndiyo ya kwanza.

Mama Zuhura aliporudi nyumbani hakuzungumza nami habari hiyo kwa siku kumi. Siku ya kumi na moja, tunakunywa chai, akasema bila kuinua macho: "Vidonge vyako vya presha viko dukani, chini ya boksi la spoku. Tangu mwaka juzi."

Nikanyamaza.

"Nilivikuta nikitafuta kalamu. Nimemwambia nani?"

Hakuna aliyemwambia. Hata mimi mwenyewe hakuniambia kwamba anajua. Mwanamke ambaye mtaa mzima ulishasema hajiwezi alikuwa amehifadhi siri yangu miaka miwili, na mimi nilishindwa kuhifadhi yake mpaka jua kuchomoza. Nilivificha kwa sababu gani? Kwa sababu ileile ya kichupa cha vitamini. Hutaki kutazamwa kama mgonjwa na mtu unayetaka akutazame kama mume.

Daftari lilikuwa wazo lake. Daftari la shule la kawaida, na aliandika mwenyewe siku ambazo alikuwa mzima kabisa, kwa sababu, alisema, nikishapanda nitakataa kila kitu na nitakuwa na hoja nzuri. Nanukuu kwa ruhusa:

"Nikilala chini ya saa nne, siku tatu mfululizo, mpigie daktari. Usingoje nikubali." "Simu yangu ya miamala na kadi ya benki mkabidhi kaka yangu, mbele yangu." "Wa kuambiwa ni mama na kaka. Wifi hapana." "Usinirekodi. Ukitaka ushahidi andika saa." Na mmoja aliouandika kwa herufi kubwa: "Nikitaja kufa, hapo siri imekwisha, mwambie yeyote atakayefika haraka."

Ule wa mwisho daktari aliukubali sana, akasema hata siri yake yeye ina mpaka huohuo, maisha ya mtu yakiwa hatarini. Kisha akampa karatasi ya ridhaa aijaze. Mama Zuhura aliijaza kialimu. Daktari anaruhusiwa kuzungumza nami juu ya dawa na tarehe za kliniki. Anayoyasema yeye mle chumbani, hapana. Zamani ningeona amenipa nusu mkate. Lakini nikifikiria, mimi kazi yangu ni kujua kidonge kimeisha lini na usingizi umekuwaje. Anayosema juu yangu mle ndani, na nina hakika yapo, ni haki yake ayasemee mahali.

Shuleni palikuwa pagumu zaidi. Awali nilimwambia mwalimu mkuu ana malaria kali. Ile video ikanifanya mwongo juu ya kuwa msaliti. Mpwa wangu anayesomea sheria alituambia kwamba mwajiri anachohitaji ni karatasi ya ED, kwamba mtu anaumwa na apumzike siku kadhaa, na miaka ya baadaye akaongeza kwamba sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inazihesabu taarifa za afya ya mtu kuwa nyeti. Nzuri. Lakini kwetu ilikuja mtungi umeshavunjika, na sijui sheria ya kumfutia mtu kumbukumbu. Mama Zuhura alichofanya ni kuingia ofisini siku ya kwanza, akasema, "Niliumwa, natibiwa, nimerudi. Ratiba yangu iko wapi?" Akachukua chaki. Baadhi yao walifuta ile video mbele yake. Alinihadithia hilo kama jambo dogo, nami sikuongeza swali.

Zuhura alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliniuliza kama mama ana jini. Nikafungua mdomo, nikaufunga, nikamwambia kamuulize mama. Walizungumza jikoni saa nzima. Sijui walisema nini.

Kuna mambo hayakuwa sawa hata baada ya daftari. Siku moja kwenye duka la dawa muuzaji alisoma cheti kwa sauti, akauliza, "Hizi za wale wa akili, ni zako wewe?" Watu wakageuka. Nilitaka kuruka kaunta. Mama Zuhura akanishika mkono, akasema ndiyo, zangu, na chenji yangu shilingi mia tano. Toka hapo tunanunua kwingine, mbali kidogo. Na kuna usiku mmoja nilihesabu usingizi wake vibaya nikampigia daktari bure, akakasirika siku mbili kwamba namlinda kama nyanya za biashara. Alikuwa na haki. Kuna wakati mtu anakosa usingizi kwa sababu ya mbu.

Mtihani mkubwa, usingedhani, ni Ramadhani. Dawa yake mojawapo ni lithiamu. Hupimwa damu mara kwa mara, na haipatani na mwili uliokauka, kwa sababu maji yakipungua mwilini dawa inazidi kwenye damu. Kwa joto letu hili, daktari alisema asifunge. Na daku nayo inakata usingizi, ambao kwake ndiyo dawa ya kwanza kabla ya dawa. Dini imempa ruhusa, hilo halina tatizo. Tatizo ni mtaa. Mwanamke kutofunga siku sita saba, kila mtu anaelewa asiulize. Mwezi mzima, watu huhesabu. Kwa hiyo mchana anakunywa uji jikoni mlango umefungwa, na mimi nikiwepo nakaa kibarazani kama askari.

Mwaka jana, siku ya kumi na nane ya mfungo, dada yangu akaja adhuhuri kuazima sufuria kubwa. Hakubisha hodi ya kusubiri, yeye ni wa kuingia. Nilimwahi mlangoni, lakini harufu ya uji wa pilipili manga haijui kuficha. Akanusa. Akatazama mlango wa jikoni, akanitazama mimi.

"Nani anakula humu?"

Ndani kijiko kikanyamaza.

"Mimi," nikasema. "Nina presha, dada. Karibu miaka minane sasa. Natumia vidonge."

Nilikuwa nimefunga, na uongo juu ya saumu una hesabu yake, hiyo nimemwachia Mwenyezi Mungu. Lakini presha ni kweli tupu. Dada yangu alishika kifua. Akaniuliza mbona nimeficha, akanitajia na ile methali yake. Akasahau na sufuria.

Kufika magharibi kundi lote la familia lilikuwa na habari. Binamu wa Pongwe akatuma sala ndefu. Kesho yake mzee wa nyumba ya pili akaniletea fungu la majani ya mlonge, na muuza kahawa akakataa kunipa kikombe cha pili, anasema moyo wangu ni amana. Nilipomweleza Mama Zuhura habari ya muuza kahawa alicheka mpaka akaweka bakuli la futari chini, akajifuta macho kwa pembe ya ushungi, kisha akavuta daftari kutoka juu ya kabati, akauliza kama kipimo cha presha yangu kinaandikwa kwa kalamu ya bluu au nyekundu.